Bosi ataka kusimama 2027

Leo nimechelewa kufunga ofisi na wala si kazi ilokuwa nyingi. Wakili alikuja akakaa kwenye kile kiti cha wateja, cha plastiki kilichopasuka mgongo, ambacho miaka kumi na moja nnayomfanyia kazi sijamuona akikikalia, akanambia dada yangu nataka kukuuliza kitu na usinifiche. Mi nikajua ni mshahara tena utachelewa. Kumbe ati anafikiria kusimama ubunge wa Magarini 2027, sasa naonaje.

Sikumjibu. Nikamwambia ngoja nifunge madirisha mvua yaja, na mvua yenyewe haikuwepo.

Saa hii ni saa sita kasoro usiku, stima imepotea mtaa mzima hapa Maweni, joto halisemeki, naandika kwa simu.

Hili wazo najua limemuingia vipi. Ni yule mzee wa Marafa, huko huko Magarini. Alikuja mwezi uliopita na matatu ya alfajiri, karatasi zake zimo kwenye nailoni, zile nailoni zilizopigwa marufuku 2017, yake ameitunza mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Kesi za aina yake tunazo tele, na kwa kawaida wakili huegemea ile sheria ya miaka 12, kwamba ukikaa kwenye shamba la mtu miaka 12 bila ruhusa yake na bila kujificha, na yeye yupo kimya, waweza kwenda kortini uombe liandikwe lako. Hati za kiapo za namna hiyo nimezichapa mpaka naweza kuziandika nimelala, mikorosho mingapi, minazi mingapi, makaburi mangapi. Makaburi mi huyaweka juu kabisa, manake mkorosho mtu aweza kusema ulipandwa juzi, lakini babu hazikwi juzi kwa ajili ya kesi.

Sasa ya huyu mzee, wakili akaitazama ramani muda mrefu, akavua miwani, akamwambia mzee shamba hili ni la serikali, na ile miaka 12 kwa ardhi ya serikali haifanyi kazi, ukae 12 ukae 100 ni sawa tu. Mzee akauliza, basi niende korti gani mwanangu? Wakili akamwambia hii si ya korti, mzee, hii ni ya bunge na wizara.

Mzee akakunja karatasi zake moja moja, akarudisha kwenye nailoni, akafunga kamba. Akasema, "Basi enda wewe huko bunge." Na hakuwa anatania. Hakucheka hata kidogo, akaaga akashuka ngazi.

Upande ule watu wameahidiwa mno kuhusu ardhi, kuna mradi wa kuwapa watu mashamba Magarini ulianza miaka ya sabini na pesa za Australia, ukafa mwishoni mwa miaka ya themanini, na wazee mpaka leo wanauhesabu kama mtu anavyohesabu deni. Kwa hivo namuelewa wakili. Korti ya ardhi yamsaidia mtu mmoja mmoja, na wengine huwasaidii hata ukiwa hodari vipi, manake sheria yenyewe imefunga mlango.

Mfano anaopenda kutoa ni wa Amason Kingi. Si wakili yule? Akaingia bunge 2007 na kiti hicho hicho cha Magarini, kipindi cha kwanza tu akawa waziri, mambo ya Afrika Mashariki alafu uvuvi, 2013 gavana wa kwanza wa Kilifi, mihula miwili, 2022 Spika wa Seneti. Akimaliza huyo anakuja kwa Danson Mungatana hapo jirani, wakili pia, Garsen 2002, sasa seneta wa Tana River. Hapo mi hunyamaza tu, manake Mungatana bunge alitoka 2013 akarudi 2022, na bosi akisimulia anaruka kutoka mwanzo mpaka mwisho kama hiyo miaka ya katikati mtu hakuwa akila.

Tena wakili wangu ana sauti ndogo. Jaji humwambia ongeza sauti. Nimewaza nimuone juu ya lori pale Gongoni, jua la utosi, watu wanamngoja acheze kidogo, na huyu hata chakacha ya harusini hukaa karibu na mlango ashike simu.

Alafu kuna lile la foleni. Katiba yasema mbunge awakilishe watu, atunge sheria, aichunge serikali. Sawa. Mwaka ule kijana wangu alipoingia fomu wani nilienda ofisi ya mbunge mmoja, simtaji, nikafika alfajiri nikakuta watu washajaa mpaka barabarani. Huyu basari, huyu matanga, huyu mabati ya madrasa, huyu mwanawe ashikwa na polisi. Nilikaa mpaka saa nane nikiwasikiliza na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya mswada wala sheria ya ardhi. Na mimi, karani wa wakili, nnayejua vizuri sheria gani inawaumiza wazee wetu, pia sikuuliza. Nilitaka basari. Na sikupata.

Sasa akienda, nani atawapokea hawa wa nailoni? Na asipoenda atawaambia nini? Ukweli nataka abaki, na sehemu moja ni kazi yangu tu, nisijifanye mtakatifu.

Kesho tuna kesi mbili za kutajwa saa tatu, ataniuliza tena njiani. Faili la mzee bado liko mezani kwangu, niliandika jina juu nikidhani tutafungua kesi, halina namba, na sijui niliweke kabati gani.