Mwambao wa Mwanza kwa miguu: anza Mwaloni, Jiwe la Bismarck litakusubiri

Watembeza wageni wengi hapa Mwanza huanzia Kamanga, kwenye Jiwe la Bismarck, kwa kuwa ndiyo picha ambayo kila mgeni amekwisha kuiona. Matokeo yake soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, linafikiwa saa tano, jua likiwa la utosi na mitumbwi imeshashusha mzigo. Mgeni anaambulia harufu tu. Ushauri wetu ni kuigeuza ratiba: Mwaloni alfajiri, jiwe saa tatu, Capri Point saa nne, na kama unavuka kwenda kisiwa cha Saanane, uwe umeshavuka kabla ya saa sita. Samaki, jua na upepo ndivyo vinavyopanga, na mwongozaji anayelijua Ziwa Victoria hatakubishia.

Jua la Mwanza huchelewa kidogo ukilinganisha na Dar es Salaam. Huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi, kwa hiyo kukutana saa 12 kamili ni sawa kabisa. Daladala za njia ya Airport zinapita Kirumba kwa Barabara ya Makongoro, na bodaboda wote wanapajua Mwaloni. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, si kandambili. Sakafu ya soko ina maji, magamba na utelezi wa samaki, na baadaye utakanyaga mawe yenye utando wa kijani, ambao ukilowa hauna huruma.

Mwaloni usitegemee kuona dagaa wakivuliwa mbele yako. Wengi huja wamekwisha kukauka, ndani ya magunia, kwa boti kutoka visiwani: Ukerewe, Goziba na kwingineko. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Taa huwavuta pale tu usiku ulipo mweusi. Mbalamwezi ikikomaa, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hukaa nchi kavu kushona nyavu. Ukitaka kuliona soko limechangamka, angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda: njoo katika siku za giza au mara tu baada yake. Siku kadhaa baada ya mwezi mpevu magunia hupungua na bei hupanda, na muuzaji hatakuwa na subira ya kujibu maswali yako.

Mwongozaji mzuri atakusimamisha mbele ya rundo la dagaa na kukuonyesha tofauti kwa mkono. Chota kiganja kimoja, wasugue taratibu, kisha tazama kinachobaki kwenye kiganja. Dagaa walioanikwa juu ya chanja au wavu huacha magamba ya fedha na vumbi kidogo. Walioanikwa mchangani huacha punje, na punje hizo utazitafuna hata ukiwaosha mara tatu. Rangi nayo inasema. Waliokauka kwa jua la siku moja hung'aa, tumbo zima, kichwa hakijang'oka. Walionyeshewa mvua kabla hawajakauka hugeuka kahawia, tumbo linapasuka, na hao mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Ndiyo maana Machi hadi Mei, msimu wa masika, dagaa wa daraja la kwanza ni wachache hata kama wavuvi wamevua vizuri.

Upande wa samaki wabichi utakuta sangara na sato. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili: aliletwa na kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akazaliana na kuwala furu wengi wa asili, na kwa miaka mingi sasa yeye ndiye anayelisha viwanda vya minofu vya mwambao huu. Waulize kuhusu bondo. Ni mfuko wa hewa wa sangara, husafirishwa kwenda China, na kilo yake huizidi bei ya mnofu kwa mbali sana. Kinachobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, yaani kichwa na mifupa, ni mapanki, na supu yake ndiyo kifungua kinywa cha wabeba mizigo. Mwongozaji asiyekupitisha kwa mama wa supu amekudhulumu.

Sasa kuhusu picha. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) na makokoro (nyavu za kukokota) ni haramu. Mtu aliye na samaki wadogo kwenye beseni akiona kamera, hafikirii mtalii, anafikiria doria. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, wala si kwamba watu wa Kirumba ni wakali. Utaratibu ni huu: salamu kwanza, na ukiitamka "mwangaluka" kwa mzee wa Kisukuma ataifurahia hata ukiivuruga, shikamoo kwa wakubwa wote, mwongozaji aombe, wewe usubiri, kisha piga picha ya mtu aliyekubali, si ya meza ya jirani yake. Ofisi za uongozi wa soko zipo palepale, na kundi la watu wanne au zaidi lipite kuripoti kabla ya kuzunguka. Ni dakika tano zinazookoa saa nzima ya maelezo.

Kutoka Mwaloni mpaka Kamanga ni kama dakika 40 kwa mwendo wa kawaida, mkipita Furahisha na katikati ya mji. Hapa tunasema wazi: kipande hiki si cha ziwa. Ni magari, maduka na vumbi, na ziwa utaliona kwa kuchungulia tu. Mwenye haraka achukue bajaji. Mwenye nafasi apitie Makoroboi, pale maduka yalipobanwa na majabali, kwa sababu ndipo unapoona mji ulivyolazimika kuishi na mawe yake badala ya kuyahamisha.

Jiwe la Bismarck liko majini, hatua chache kutoka ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga kinachovusha watu na magari kuelekea upande wa Sengerema. Wajerumani waliojenga kituo chao hapa mwaka 1892 walilipa jina la kansela wao wa zamani, Otto von Bismarck. Mwongozaji wa kawaida anaishia hapo. Mzuri anaendelea kukueleza jiwe lile limefikaje pale juu, maana swali la kila mgeni ni hilo: nani aliyelipandisha? Hakuna. Majabali haya ni granite yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Zamani yalikuwa mwamba mmoja chini ya udongo, wenye mipasuko ya wima na ya mlalo. Maji yaliingia kwenye mipasuko hiyo yakaula mwamba taratibu, pembe zikaliwa kwanza kwa sababu zinashambuliwa kutoka pande mbili au tatu, na vipande vikabaki vya mviringo. Kisha mvua na ziwa vikaondoa udongo uliokuwa umevifunika. Unachokiona leo ni mwamba uliovuliwa nguo pale pale ulipozaliwa. Tazama jiwe la juu na la chini yake: mara nyingi mpasuko wa mlalo ulioyatenganisha bado unaonekana kama mstari.

Ukiwa hapo tazama pia rangi. Sehemu ya chini ya mawe ina mkanda uliopauka au wenye utando wa kijani, na juu yake jiwe ni jeusi zaidi. Hiyo ni alama ya maji kupanda na kushuka. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda likafunika fukwe na kuingia kwenye viwanja vya watu. Kwa hiyo njia ya mchangani ambayo mwongozaji aliipita mwaka fulani inaweza kuwa ndani ya maji mwaka mwingine, na hilo si uzembe wake.

Kwa picha, asubuhi jua linatoka mgongoni mwako na kulimulika jiwe usoni. Unapata rangi na michirizi yake. Jioni jua linazama nyuma yake, unapata kivuli cheusi juu ya maji mekundu. Kadi nyingi za posta ni za jioni. Sisi tunapenda ya asubuhi, maana kivuli hakikuonyeshi jiwe. Usipande juu yake, hata ukiona vijana wa pale wanapanda: sehemu iliyolowa ni telezi, na chini kuna mawe mengine usiyoyaona. Na simu iweke mfukoni unapopita kwenye lango lolote lenye askari.

Capri Point ndiyo sehemu ya kutembea kwa raha. Ni rasi yenye barabara ya lami inayozunguka kati ya majabali na nyumba, yenye vivuli, na ziwa likijitokeza upande mmoja. Kuanzia saa tatu hivi mawe yakipata joto, mijusi hutoka: dume ana kichwa na mabega mekundu yanayoelekea waridi, na kiwiliwili cha buluu. Akiona dume mwenzake hupiga pushapu juu ya jiwe kwa fujo. Ukimkaribia kwa kivuli chako kumwangukia, anazama kwenye ufa. Mkaribie ukiwa umelielekea jua. Angalia pia furukombe juu ya miti mirefu karibu na maji, na pimbi kwenye mapango ya mawe.

Hapa ndipo mwongozaji anapopimwa kwa swali la mawimbi. Wageni waliowahi kutembezwa Waikiki kule Hawaii, wakasimamishwa mbele ya sanamu ya Duke Kahanamoku na kuelezwa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, hufika hapa na kuuliza kwa nini ziwa kubwa hivi halina mchezo huo. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni kweli. Lakini mawimbi ya Waikiki huzaliwa na dhoruba zilizo mbali, hata kusini kabisa mwa Pasifiki, yakasafiri maelfu ya kilomita, yakajipanga na kuachana kwa sekunde nyingi kabla ya kuvunjika taratibu juu ya matumbawe. Ya Victoria huzaliwa na upepo wa siku hiyo hiyo, na ghuba ya Mwanza ni nyembamba. Yanakuja mafupi, yamebanana, yanafuatana kwa sekunde chache tu. Ubao haupati pa kutelezea, lakini mtumbwi unapata pa kujaa maji. Mawimbi haya si ya kuchezea.

Mpangilio wa upepo ni rahisi kuukumbuka. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo mwepesi ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, ndiyo maana asubuhi maji ya ufukweni ni shwari. Nchi kavu ikishapata moto, upepo hugeuka na kutoka ziwani, na kuanzia mchana maji yanachafuka. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huongezea nguvu. Radi na dhoruba za ziwani zenyewe hupiga zaidi usiku na alfajiri. Mwongozaji akitazama wingu jeusi upande wa ziwa asubuhi na kusema leo hatuvuki, usimbembeleze wala usidai ametaka kukwepa kazi.

Kwenye maji ya kina kifupi, weka miguu nje. Kichocho kipo mwambao wote huu. Konokono wanaokibeba wanapenda maji tulivu yenye matete na magugumaji, na vimelea hutoka kwa wingi mwanga ukishakuwa mkali, kuelekea mchana. Mahali panapopigwa na mawimbi ni nafuu, lakini nafuu si usalama. Ukishaingia, kujifuta kwa taulo peke yake hakutoshi kukukinga. Kapime hospitali wiki sita hadi nane baadaye, maana ukipima keshokutwa hakitaonekana. Dawa ipo, ni praziquantel, na inatolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili.

Saanane unapandia boti hapo hapo Capri Point, kwenye ofisi ya hifadhi, na kuvuka ni dakika chache. Kisiwa kilichukua jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akikimiliki kabla ya Serikali. Mwaka 1964 kikawa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo au kadi, kwa hiyo noti peke yake zitakukwamisha. Hakikisha simu ina salio kabla ya kutoka hotelini. Raia wa Afrika Mashariki aje na kitambulisho, la sivyo atatozwa bei ya mgeni. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa vifungo vyote. Kulilalia kama mto hakusaidii. Kupanda mpaka mawe ya juu na kurudi ni saa moja na nusu hadi mbili, na lita moja ya maji kwa mtu ni kiasi cha chini.

Mkiwa Capri Point mtu atauliza kuhusu MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Lijibiwe kwa kifupi na kwa adabu. Mnara wa kumbukumbu na makaburi yapo Igoma, na anayetaka kwenda aende siku nyingine kwa makusudi. Mji huu umejaa watu waliofiwa siku ile, akiwemo pengine huyo huyo anayewatembeza.

Malipo yapatanwe kabla ya kuanza, kwa kundi na si kwa kichwa, na mkubaliane wazi kama nauli za bajaji, boti na kiingilio zimo au hazimo. Ugomvi mwingi tunaousikia unatokea hapo. Mwongozaji aonyeshe kitambulisho bila kuulizwa mara mbili. Makundi yasizidi watu wanane: zaidi ya hapo Mwaloni mtaziba njia ya wabeba magunia, na mbeba gunia la dagaa aliyekwisha kuinama hasemi samahani, anapita.

Kama unanunua dagaa wa kurudi nao, nunua alfajiri ile ile, uwaache kwa muuzaji wakiwa wamefungwa na jina lako, uwapitie jioni. Kuzunguka nao Capri Point kutwa nzima ni kuwaalika korongo.