Siku moja ya kutengeneza kifaa cha kugundua vizuizi kwa wasioona

Saa 2:00 asubuhi
Kabla pasi ya kulehemu haijashika moto, amua kwanza kifaa kigundue nini. Fimbo nyeupe tayari hugundua mashimo, ngazi na mawe, tena vizuri kuliko sensa yoyote ya bei nafuu. Isichokifikia ni vitu vilivyo juu ya kiuno: tawi lililoinama, dirisha lililofunguliwa kwa nje, sehemu ya nyuma ya lori lililoegeshwa. Kwa hiyo kifaa chetu kinafungwa kifuani, kinaelekea mbele na juu kidogo, na mtumiaji anaendelea kushika fimbo yake. Kumwambia aiache ni kumhatarisha.

Saa 2:30
Mezani kuna Arduino Nano (kompyuta ndogo itakayoendesha kifaa), sensa ya mwangwi HC-SR04, mota ya mtetemo ya milimita 10 kama zile za simu, transista 2N2222, rezista mbili (kiloomu 1 na kiloomu 10), dayodi 1N4148, kapasita ya mikrofaradi 470, betri ya lithiamu ya 18650, swichi, moduli ya kuchajia TP4056 na moduli ya kupandisha volti MT3608. Chukua TP4056 yenye ulinzi wa betri na tundu la USB-C. Plagi yake haina juu wala chini, hivyo mtu huichomeka kwa kupapasa tu.

MT3608 ndiyo huunguza kazi ya watu wengi. Inaweza kutoa hadi volti 28, na mara nyingi haijarekebishwa inapotoka kwenye pakiti. Ipe umeme wa betri peke yake, shika multimita, zungusha skrubu mpaka isome volti 5. Ndipo uunganishe vingine.

Saa 3:30
Kulehemu. Pini ya sensa inayopokea amri, Trig, inakwenda D9 ya Nano; ile inayotoa jibu, Echo, inakwenda D10. Usiiunge mota moja kwa moja kwenye pini ya Nano: mota hula takriban miliampia 80, na pini haipaswi kuzidi 40. Pitisha amri kutoka D3 kwenye rezista ya kiloomu 1 hadi beisi ya transista, yaani mguu wake unaopokea amri. Dayodi ikae sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya. Kapasita ya 470 iwekwe karibu kabisa na mota kati ya volti 5 na hasi. Bila hiyo, kila mota inapoanza kuzunguka volti hushuka ghafla na Nano hujiwasha upya, nawe utapoteza saa nzima ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Saa 5:00
Programu. Sensa hupewa amri ya mikrosekunde 10, hutoa mlio wa kilohezi 40 usiosikika na sikio, kisha hupima muda mpaka mwangwi urudi. Gawanya mikrosekunde hizo kwa 58 upate sentimita. Joto hubadilisha kasi ya sauti, lakini kwa mita moja na nusu tofauti ni sentimita chache tu, usijisumbue nalo.

Linalosumbua ni sifuri. Mwangwi usiporudi kwa muda uliowekwa, pulseIn, amri ya Arduino inayopima muda huo, hurudisha 0, na programu iliyoandikwa haraka huisoma kama “kizuizi kipo puani”. Mota hutetemeka bila kukoma kwenye uwanja mtupu. Lakini sifuri hiyohiyo huja pia waya ukikatika, na hapo ukimya ni hatari zaidi. Dawa ni kuangalia kama pini ya Echo imepanda, yaani imepata volti, baada ya amri. Ikipanda lakini mwangwi usirudi, njia ni nyeupe. Isipopanda kabisa, sensa imekufa: toa mitetemo mitatu mirefu.

Soma kila milisekunde 60, chukua thamani ya katikati kati ya vipimo 3. Hiyo ni milisekunde 180, na mtu atembeaye mita 1.2 kwa sekunde husogea takriban sentimita 22. Ukichukua vipimo 5, atasogea 36 kabla hajaonywa.

Zaidi ya sentimita 150, kimya. Kati ya 150 na 100, mitetemo ya polepole. Hadi 60, ya haraka. Chini ya hapo, mfululizo. Mota ya volti 3 ipewe analogWrite(3, 150), amri inayoipa kupitia D3 sehemu tu ya volti 5; isizidi. Usiweke kengele: masikio ya asiyeona yanasikiliza magari na hatua za watu, tusiyazibe.

Saa 7:00 mchana
Majaribio ya mezani. Ukuta wa zege husomeka vizuri. Pazia zito hunyonya sauti, ubao ulioinamishwa hutupa mwangwi pembeni, waya mwembamba huponyoka. Mtumiaji aambiwe haya yote kabla hajakivaa. HC-SR04 haivumilii mvua; sensa nyingine, JSN-SR04T, huvumilia, ila haioni chochote kilicho karibu zaidi ya takriban sentimita 20.

Saa 9:00 alasiri
Jaribio na mtu asiyeona, aliyezoea fimbo. Kumfunga kitambaa anayeona hakutoshi, kwa sababu hutembea kwa woga na hatua fupi. Muulize kama anatofautisha mitetemo akiwa amevaa nguo nzito, kama swichi anaipata kwa kidole, kama mkanda unateleza. Mkanda ukilegea, sensa huinama na kuanza kuisoma ardhi. Vizuizi vya uongo vingi hutoka hapo.

Saa 11:00 jioni
Taa nyekundu ya chaji haimsaidii mtumiaji huyu. Leta waya kutoka betri, baada ya swichi, kupitia rezista ya kiloomu 10 hadi A0, pini ya Nano inayopima volti. Ikisoma chini ya volti 3.4, toa mitetemo miwili mifupi kila dakika. Kisha chomeka chaji. TP4056 huchaji kwa ampia 1, hivyo betri ya 2600 mAh ipe saa tatu hadi nne, na swichi iwe imezimwa.