Si pancha, ni baridi ya Uyole, Mbeya

Leo saa 12 asubuhi, nyuzijoto 8. Gari lililolala hapa, lililojazwa upepo PSI 65 (kipimo cha mgandamizo wa upepo) jana mchana kwenye nyuzijoto 25, geji inasoma 61.

Watu wameshainama kutafuta pancha. Hakuna pancha.

Hewa ikipoa husinyaa: tairi la PSI 65 hupoteza kama PSI 2.5 kwa kila nyuzijoto 10.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea wala jua kupiga tairi. Jaza kwa kiasi cha kibandiko cha mlango wa dereva, si ile namba ya ubavuni mwa tairi. Kwenye tairi pacha za nyuma, la ndani ndilo husahaulika. Kikofia chake leo kilikuwa na tope kavu, hakijafunguliwa siku nyingi!

Ukishuka mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni kwenye joto, geji itapanda. Usipunguze kitu. Usiku tairi likipoa litakuwa legevu, kesho litapindapinda, lichemke, lipasuke na mzigo juu.

Wa Njombe na Makete, geji zenu zimesoma ngapi leo?