Tundu namba nne

Kwa Kiswahili, risasi ni madini na risasi ni kile kinachotoka mtutuni. Utotoni, kwetu Pangani, niliijua ile ya kwanza tu. Baba alikuwa akiyeyusha vipande vyake kwenye kopo la maziwa, anamimina kwenye kalibu ya udongo, tunapata chubwi za mishipi. Siku moja tone la mvua liliangukia koponi na risasi ikaruka kama mafuta ya sambusa. Kovu ninalo mkononi hadi leo. Sasa naishi Columbus, Ohio, na kila majira ya baridi gereji nasubu vichwa vya risasi vya rivolva yangu ya .38 Special, bastola yenye silinda inayozunguka na matundu sita ya risasi, mlango wazi hata theluji ikianguka. Chupa ya maji haikaribii lile jiko. Nikimaliza nanawa hadi viwikoni kabla sijamgusa mtoto, na kila mwaka napima kiwango cha risasi kwenye damu.

Rivolva niliinunua ikiwa imeshatumika, na mwaka wa kwanza ilinitesa. Kwa yadi 25, mikono ikiegemea mfuko wa mchanga, risasi sita zilitawanyika upana wa kisosi. Nikadhani ni baruti. Nikabadilisha baruti, nikabadilisha fataki, kile kidonge kinachowasha baruti, nikapanda na kushuka ndani ya mipaka ya kitabu cha watengenezaji, majira yote ya baridi. Kisosi kikabaki kisosi. Na kila nikirudi nyumbani nilikuta mtutu umetanda utando wa risasi mwanzoni kabisa, pale kichwa kinapotoka kwenye silinda. Kuukwangua ilikuwa kazi ya nusu saa.

Mzee mmoja pale uwanjani akaniuliza, "Silinda umeipima?" Sikuwahi. Usiku ule nilichukua vipande vya risasi laini isiyochanganywa, nikavipaka mafuta, nikavisukuma kwa kijiti cha mbao kimoja kimoja kupitia mdomo wa kila tundu la silinda, na kimoja ndani ya mtutu, kisha nikavipima kwa maikromita. Mtutu, kwenye kina cha mifereji ya ndani inayozungusha kichwa: inchi 0.357. Matundu matano: 0.3585. Tundu namba nne: 0.3565.

Nilikaa kitako kwenye ndoo nikavitazama vile vipande. Vichwa vya kununua nilivyokuwa nikitumia vilikuwa na 0.357. Kwenye matundu matano vilipwaya, gesi ya moto ikapenya pembeni na kula ubavu wa kichwa kabla hakijashika mifereji. Kwenye namba nne kilikamuliwa kikawa chembamba kuliko mtutu wenyewe. Tofauti yote hiyo ni kama unene wa unywele.

Tena vilikuwa vigumu mno. Wengi huamini risasi ngumu ndiyo bora, na kwa .38 yenye baruti kidogo mimi nasema wanakosea: iliyo laini kiasi hutanuliwa na nguvu ya gesi ikaziba njia. Ninachanganya sehemu 20 za risasi na sehemu 1 ya bati. Bati huifanya itiririke vizuri hadi kwenye kona za kalibu.

Kalibu yangu hutoa kichwa bapa cha greni 148, karibu gramu 9.6. Vya mwanzo kumi na tano hurudi chunguni, kwa kuwa kalibu bado ni baridi na vinatoka na makunyanzi. Vinavyobaki navikagua kitako. Dosari ndogo puani naisamehe. Ukingo wa kitako ukiwa umemeguka, hapana: kitako ndicho cha mwisho kutoka mtutuni, na gesi ikichomoka upande mmoja kabla ya mwingine hukisukuma kichwa kombo. Kisha navipaka mchanganyiko wenye nta ya nyuki na kuvipitisha kwenye pete ya chuma niliyoisugua mwenyewe hadi ikafika 0.3585.

Kwenye kujaza siharakishi. Ganda la .38, kile kikopo kinachobeba baruti na kichwa, ni refu na baruti yake ni kidogo, kwa hiyo ukiweka mara mbili bado inaenea, na bastola inaweza kupasuka mkononi. Namulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa.

Mwezi wa tatu nilirudi uwanjani. Matundu nilikuwa nimeyatia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, na kila tundu nikalipiga peke yake, risasi tano kwa karatasi yake. Matundu matano yalinipa makundi ya alama yenye upana wa sentimita tano hivi. Moja lilifunikwa na kifuniko cha chupa ya soda, nikalitazama kwa darubini mara tatu. Namba nne lilitawanya zaidi ya mara mbili, chini kushoto. Mtutu ulisafika kwa kitambaa kimoja.

Kwenye mashindano yetu mfululizo ni wa risasi tano, kwa hiyo kwa sasa namba nne nalipita tupu. Fundi atalipanua mwezi wa tano. Vichwa 200 vya kulijaribia nimeshavisubu, viko kwenye kopo la maziwa juu ya rafu.