Siku moja maishani mwangu: chumba cha kifua kikuu, Katuba

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba Lubumbashi ni baridi, vumbi na midomo inayopasuka. Nawasha mbabula, nakunywa chai, natoka. Katuba bado ina giza, ila mama wa mikate ameshapanga sinia yake.

Saa 1 asubuhi. Nafungua madirisha yote. Wagonjwa wananung'unikia baridi, nawaacha wanung'unike: hewa inayopita ndiyo inayofukuza vijidudu, na haidai franka. Halafu napokea vikopo vya makohozi. Nataka ya alfajiri, yaliyotoka kifuani. Kila siku kuna anayeniletea mate.

Saa 2. Foleni ya dawa. Dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Kila mgonjwa mpya namwambia mapema kwamba mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, maana kijana mmoja aliacha dawa akidhani anakojoa damu.

Saa 3 na nusu. Anaingia mama wa miaka kama 50, amenona, uso mviringo, kitenge kipya. Hakohoi. Amechoka tu, anasema, na usiku shuka linalowa jasho. Shingoni, upande wa kushoto, tezi zimevimba na kushikana kama karanga.

"Mama, dawa gani ingine unakunywa?"

"Hakuna, muganga."

Swali hili halijibiwi mara ya kwanza. Nalizungusha: za viungo? Za pumu? Za kunona? Hapo anacheka, anaziba mdomo, anafungua fundo la kitenge. Vidonge vidogo ndani ya karatasi. Deksametazoni ya sokoni, kila siku tangu Pasaka. Binti yake anaolewa mwezi wa nane, na mama wa bibi harusi hataki kusimama mbele ya wakwe akiwa mkavu.

Hapa nakaa, foleni ingoje. Namweleza kwamba karibu robo ya watu duniani wana vijidudu vya kifua kikuu mwilini, na wengi wao hawaugui kamwe kwa sababu kinga imevizungushia ukuta. Kati ya 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 ndio huugua maishani. Dawa yake inawalaza walinzi wa ukuta. Prednizoloni, dawa ya ukoo uleule, miligramu 15 kwa siku, kwa mwezi mmoja tu, tayari inatutia wasiwasi, na deksametazoni, miligramu kwa miligramu, ina nguvu mara sita na zaidi. Tena inashusha homa na kujaza mashavu. Ugonjwa unakua, jirani wanakusifu umependeza.

"Basi nivitupe leo?"

Hapana, mama! Mwili uliozoea dawa hii huacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Sijazaliwa na ujuzi huu. Mwaka juzi nilimrudisha nyumbani mzee wa baridi yabisi aliyekuwa akimeza prednizoloni. Hakohoi, hajakonda, na mimi nilikuwa na watu 30 nje. Alirudi baada ya wiki sita amebebwa na wanawe, pingili za uti wa mgongo zimeliwa. Bado nakumbuka alivyonisalimia, kwa heshima ileile.

Saa 5. Daktari anavuta maji ya tezi kwa sindano, maabara wanayatia kwenye mashine. Chini ya saa mbili tungejua. Dakika ya arobaini umeme unakatika. Kipimo kimeharibika, tunaanza upya na jenereta, na kaka wa maabara anatamka maneno ambayo siyaandiki.

Saa 7 mchana. Bukari na sombe. Mwanafunzi wetu anauliza kama ni vidonge tu vyenye tabia hii. Daktari anamwambia kuna sindano iitwayo infliksimabu, ya magonjwa ya viungo na utumbo. Mwaka 2001 waganga wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuchomwa, na zaidi ya nusu kilikuwa nje ya mapafu. Sasa mtu hupimwa kwanza, na akikutwa na vijidudu vilivyolala hupewa dawa ya kinga, kama izoniazidi. Ila kipimo cha ngozi kinaweza kudanganya kwa aliyekwisha kuanza dawa hizi: kinga iliyolazwa haivimbishi mkono.

Saa 8. Papa wa figo, anayemeza prednizoloni, amerudi na hasira. Tangu aanze dawa zetu miguu imevimba tena. Anadhani tunamlisha sumu. Kosa ni la rifampisini, moja ya dawa zetu za kifua kikuu: inaliamsha ini, nalo linaivunja prednizoloni yake kabla haijafanya kazi. Namtembeza mwenyewe hadi kwa daktari, dozi ipandishwe. Mara nyingi huwa karibu maradufu. Njiani hanisemeshi.

Saa 9 na nusu. Jibu la mama limetoka: ni kifua kikuu, na rifampisini bado inakiweza. Anaikunja karatasi mara nne, anaifunga kwenye fundo lile lile la vidonge. Halafu, kwa sauti ya chini:

"Muganga, na mutoto yangu? Naye iko nakunywa. Ni yeye alinionyeshaka."

Namuuliza kama binti anakohoa.

"Hapana. Amenona muzuri."

Naandika jina la bibi harusi kwenye daftari la kesho, mstari wa kwanza.