Ile Corsa ya mwanangu na bima niliyodhani nimeifuta

Mwaka 2018 tuliuza gari ya mwanangu, Vauxhall Corsa ndogo ya rangi ya fedha. Tulikuwa tunakaa Northampton, Uingereza, na yeye kapata chuo Sheffield, na huko hosteli hakuna pa kuegesha na mwanafunzi gari ya nini, basi tukakubaliana iuzwe. Kuuza kwenyewe hakukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni bima.

Nianze na hiyo bima tulivyoipata maana bila hapo mtu hawezi kuelewa kwanini nililia. Mtoto alifaulu mtihani wa udereva Desemba 2017 akiwa na miaka 17, mbio mbio tukaingia mtandaoni kutafuta bei, na kila kampuni inataja bei ambayo ukiisoma unadhani umekosea kujaza. Gari tuliinunua pauni 1,150. Bima ya mwaka ikaja 1,416, yaani bima imeizidi gari! Watu wakanishauri niandike jina langu kama ndo dereva mkuu na yeye awe wa pembeni ili ishuke, nikakataa, ule ni uongo na huku ni kosa kisheria, siku ya ajali kampuni ikigundua inakugeuka na mtoto anabaki peke yake. Kwahiyo tukachukua ya kiboksi. Wanakuja kufunga kiboksi kidogo kwenye gari, kinapima mwendo, breki, kona, saa unazoendesha, halafu kila kitu kinaingia kwenye apu ya simu yake na anapewa pointi. Tukalipa 236 ya kuanzia, iliyobaki mara kumi, 118 kila mwezi, inakatwa kwenye akaunti yangu mimi kwa dairekti debiti ila bima yenyewe ina jina lake yeye. Hilo la majina mawili lishike, ndo lililotuponza.

Na mtoto aliendesha vizuri jamani. Kona anakata kama kabeba trei ya mayai, rafiki zake wakimwambia ongeza mwendo anawaonyesha kiboksi. Miezi yote ile hakuna onyo hata moja.

Jumamosi ya tarehe 8 Septemba akaja kijana wa mji wa jirani, akaizungusha, akalipa. Tukampa kile kipande cha kijani cha kadi ya gari, logibuku wanaiita huku, na jioni ileile mwanangu akaingia kwenye tovuti ya DVLA, ofisi ya serikali inayosajili magari, akajaza zile namba 11 za kadi, imeuzwa, imekwisha, na baada ya siku kadhaa hundi ya kurudishiwa rodi taksi, kodi ya barabara, ya miezi iliyobaki ikaja yenyewe bila kuomba. Mimi ile hundi ndo ikanifanya nijue mambo yote yamekwisha. Nikajisemea serikali imeshajua gari si yetu, bima nayo imeshajua.

Halafu kuna mazoea. Mi nimetoka Tanga, na enzi zile mimi nakua gari ikiuzwa mnunuzi anaikuta stika ya bima kwenye kioo, iwe bima kubwa iwe bima ndogo, anaendelea nayo mpaka iishe, hakuna anayempigia mtu simu. Kaka yangu kauza gari ngapi namna hiyo. Kichwani mwangu bima ni mali ya gari, gari ikienda na yenyewe inaenda. Huku sivyo, bima ni mkataba wa mtu na kampuni, gari ukiuza mkataba upo palepale unakusubiri.

Basi usiku mmoja niko shifti, nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya wazee, saa nane hivi wazee wamelala nimekaa na chai yangu, nikafungua apu ya benki nikaiona ile dairekti debiti, nikaifuta. Kubonyeza mara mbili tu. Nikajisikia vizuri kabisa, 118 imebaki mfukoni na mtoto anahitaji sufuria na shuka za chuo.

Tukampeleka Sheffield. Nikarudi nyumba imenyamaza, nikaongeza shifti za usiku ili nisikae na ule ukimya.

Barua zikaanza kuja, zina jina lake. Mimi nimelelewa kwamba barua yenye jina la mtu ni ya mtu huyo, marehemu baba alikuwa hafungui hata ya mama, na mwanangu sasa ana miaka 18, mtu mzima, kwahiyo nikawa nazipanga juu ya friji atazikuta akija. Ya kwanza, ya pili. Na imeili kumbe walikuwa wanamtumia kwenye anwani yake ya shule ya zamani ambayo ashaacha kuifungua.

Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 2 Oktoba nilikuwa off, nimelala, simu ikalia saa saba na dakika kumi. Mzazi akipigiwa saa hizo na mtoto aliye mbali hashiki simu, anaidaka. "Mama, umelala? Mama gari inakimbia." Gari gani baba? "Corsa. Iko M1. Simu inalia inalia, imeandika 92." Nilishindwa kuelewa, nikadhani ameibiwa, nikadhani yuko ndani ya gari ya mtu, nikamuuliza mara tatu uko wapi, uko wapi, akasema niko chumbani kwangu Mama, nimekaa kitandani. Ndo akanieleza. Kile kiboksi hakikutolewa. Gari imeuzwa wiki tatu na zaidi lakini kiboksi kimo ndani kinaendelea kuripoti, na yule kijana aliyenunua usiku ule alikuwa anaipeleka maili 92 kwa saa wakati M1 ni motowei, barabara kuu ya mwendo kasi, na mwisho ni 70, na kila anachofanya kinaandikwa jina la mwanangu. Na sio usiku ule tu, maonyo yalikuwa yanaingia tangu wiki iliyopita, yeye alizima mlio kwasababu alidhani apu imeharibika.

Nikashuka jikoni na kanga yangu begani, nikamwambia baba kuna barua zako hapa, nifungue? Akasema, "Mama, fungua tu, zangu fungua zote."

Ya kwanza inasema malipo ya Septemba hayakupita. Ya pili ya tarehe 26 inasema tunakupa siku saba, usipolipa tunaifuta bima yako. Nikahesabu kwa vidole, siku saba zinaisha tarehe 3. Kesho. Nikajiuliza sasa si ndo tunachotaka, wafute tu. Mwanangu akasema hapana Mama, subiri, akaingia kusoma, akarudi sauti imebadilika. Kumbe kuna kufuta wewe na kuna kufutiwa. Ukifuta wewe ni jambo la kawaida. Ukifutiwa na kampuni kwa kutolipa, kila fomu ya bima utakayojaza baadaye inakuuliza umewahi kufutiwa bima, na lazima useme kweli, na ukisema ndiyo kampuni nyingi hazikupokei na zinazokupokea zinapandisha bei ambayo kwa kijana tayari iko mbinguni. Jina lake ndo lingechafuka, sio langu, na aliyebonyeza ni mimi. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni mpaka alfajiri, nikasali palepale.

Saa mbili asubuhi laini zinafunguliwa nikawa wa kwanza. Yule dada wa kwenye simu mpole kweli lakini akasema siwezi kuongea na wewe, mwenye bima ni mwanao. Nikamwambia mimi ndo mlipaji, ndo mama yake. Akasema naelewa, ila sheria. Nikamuunganisha mtoto kwenye simu tukawa watatu, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya gari, anwani ya nyumbani, akajibu moja moja kwa utulivu, halafu akasema, "Namruhusu mama yangu aongee kwa niaba yangu." Machozi yakanitoka, sio ya huzuni.

Dada yule akatueleza yote. Kwamba mpaka dakika ile gari kwenye kumbukumbu za bima bado inaonekana ni ya kwetu, ingegonga mtu wangeanza kugonga mlango wetu. Kwamba kuzuia pesa benki sio kufuta bima, ni kutolipa deni. Akataka uthibitisho wa DVLA kuwa gari iliuzwa tarehe 8, mtoto akautuma hapohapo kwa imeili, na yale maonyo ya mwendo wakayatoa kwenye jina lake. Lakini kurudisha tarehe ya kufuta nyuma hadi siku ya kuuza wakakataa, bima inahesabiwa mpaka leo mlipopiga. Tukapiga hesabu, siku 265 zilizotumika pamoja na pauni 75 ya kufuta, ukitoa tulizolipa, tukadaiwa 41. Tungepiga simu siku ile ya kuuza wangeturudishia sisi kama 50. Nikalipa kwa kadi kabla hajamaliza kunisomea.

Kilichoniuma kuliko hizo pesa ni kwamba miezi karibu tisa ya kuendesha bila ajali haikuhesabika. Nafuu ya bima kwa asiyepata ajali inataka mwaka mzima utimie, miezi tisa ni sawa na sifuri. Nilimwomba dada aandike hata kinusu, akasema samahani mama, mfumo haukubali. Mtoto akaniambia Mama acha, nikiwa na gari nyingine naanza upya. Hakunilaumu hata kwa neno moja, wala siku ile wala baadaye.

Mchana imeili ikaingia, akanitumia skrinishoti. Imefutwa kwa ombi la mteja. Nikaisoma mara nyingi hilo neno ombi, nikamwambia aichapishe chuoni na mimi nitaichapisha kazini, nikaiweka kwenye faili la pasipoti na vyeti vya kuzaliwa. Jioni akapiga tena kabla sijaingia shifti, kafungua ile apu kabla ya kuitoa kwenye simu, ramani iko tupu, Corsa haionekani tena. Nikamuuliza umekula? Akasema anapika wali, anataka kujua maji anatia kiasi gani.