Darubini za bei ya kati porini: 8x42, vumbi na fokasi inayogoma

Anayenunua darubini ya kwanza ya porini huuliza jambo moja: inavuta mara ngapi? Aliyekwisha kukaa na ya kwake misimu miwili mitatu huuliza mengine kabisa. Fokasi bado laini? Bawaba inashika, au mirija inajifungua yenyewe ikiwa imening'inia shingoni? Vumbi limeingia wapi? Katika darubini za kati ya dola 200 na 500 za Marekani kioo si tatizo tena. Kinachozitenganisha ni ufundi wa mwili, na jinsi mwenyewe alivyoziseti na kuzitunza.

Katika bei hiyo utakutana na kina Nikon Monarch M5 na M7, Vortex Diamondback HD na Zeiss Terra ED. Zote ni za mirija iliyonyooka, fokasi inasogeza lenzi iliyo ndani ya mwili, na ndani zimejazwa gesi kavu, nitrojeni au agoni, ili zisipate ukungu. Hili la fokasi ya ndani lina maana kubwa kwetu. Zile za kizamani za umbo la zigizaga, ambazo lenzi za macho hutoka na kurudi kila ukizungusha gurudumu, huvuta hewa ya nje ndani, na hewa ya Julai kwenye barabara ya vumbi haiingii peke yake.

Kuhusu mara nane au mara kumi, tufanye hesabu. Katika 8x42, 8 ni mvuto na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Simba aliye mita 400 ataonekana kwa 8x kama yuko mita 50, kwa 10x kama yuko mita 40. Tofauti ipo, ila unailipia. Diamondback HD 8x42 inaonyesha upana wa mita 131 kwenye umbali wa kilomita moja. Ndugu yake wa 10x42 anaonyesha mita 110. Peleka hesabu hiyo msituni, tuseme Amani au Arabuko-Sokoke, ndege yuko mita 30 juu ya mti: ya kwanza inakupa karibu mita 3.9 za majani, ya pili mita 3.3. Chozi hakai tawi moja zaidi ya sekunde chache, na sentimita hizo 60 ndizo anazopotelea.

Halafu kuna mtetemo, nao 10x inaukuza pamoja na picha. Ndani ya Land Cruiser yenye injini inayounguruma, 10x haikuonyeshi zaidi ya 8x, na mara nyingi inakuonyesha pungufu. Mwambie dereva azime gari. Ukikosa hilo, weka mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa, ulaze darubini juu yake, usiegemeze viwiko kwenye chuma. Kwa anayeshinda Tarangire au Mara akitafuta wanyama kwenye tambarare, na ana mfuko huo, 10x42 ni chaguo la haki. Kwa wengine wote, 8x42.

Vipi 8x32? Ni nyepesi, na shingo hushukuru. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa mvuto upate upana wa duara la mwanga linalofika jichoni: 8x42 hutoa milimita 5.25, 10x42 hutoa 4.2, 8x32 hutoa 4. Mchana mboni ya jicho imebana kiasi cha milimita 2 au 3, hivyo zote ni sawa. Tofauti inatokea saa kumi na mbili na nusu jioni, chui anaposhuka mtini. Hesabu hiyohiyo inafichua darubini zinazouzwa kwa kelele nyingi, zimeandikwa 30x60, vioo vyekundu vinang'aa. Pima lenzi ya mbele kwa rula. Ukikuta milimita 25, basi kama kweli inavuta mara 30, duara la mwanga halifiki hata milimita moja. Giza tupu. Wekundu nao maana yake ni kwamba kioo kinarudisha mwanga mwekundu badala ya kuupitisha.

Malalamiko mengi ya "haioni vizuri" ni ya kuseti, si ya kioo. Anza na bawaba: kunja mirija mpaka miduara miwili iwe mmoja bila kivuli cheusi pembeni. Kisha vikombe vya macho: usiyevaa miwani vizungushe juu, unayevaa vibonyeze chini kabisa. Mwenye miwani anahitaji nafasi ya milimita 15 au zaidi kutoka kioo hadi jicho, na 17 ni raha. Chini ya hapo ataona tundu la katikati tu.

Sasa dayopta, ambayo wengi hawajawahi kuigusa au wameigusa bila kujua. Inasawazisha tofauti ya jicho la kushoto na la kulia, na mara nyingi ni pete iliyo chini ya kikombe cha jicho la kulia. Chagua kitu chenye ncha kali kilicho mita 50 hivi, maandishi ya kibao yanafaa. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote mawili yakiwa wazi. Zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione maandishi sawasawa. Hamishia kiganja upande wa kushoto, na sasa usiguse gurudumu. Zungusha pete mpaka jicho la kulia nalo lione. Ukikonyeza jicho badala ya kufunika lenzi, msuli wa uso unavuta jicho na kipimo kinatoka kombo. Ukimaliza, weka nukta ndogo ya rangi ya kucha kwenye pete na nyingine kwenye mwili, zikitazamana. Darubini ya gari hupita mikononi mwa wageni sita kwa siku, na pete isiyo na kufuli itahama kabla ya chakula cha mchana. Nukta hizo zinairudisha mahali pake kwa sekunde moja.

Kuna jambo ambalo fedha haiponyi: mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi hivi ardhi tupu ya Amboseli au tambarare za Ndutu hupata joto, hewa inachemka, na duma wa mita 800 anageuka kitu kinachoyeyuka. Watu hulaumu darubini. Hata ya dola 2,500 itaonyesha mchemko uleule, kwa usafi zaidi. Mahali ambapo bei hujionyesha kweli ni pungu akiruka mbele ya wingu jeupe: kwenye kioo cha kawaida ukingo wa bawa jeusi hupata pindo la zambarau na kijani, kwenye kioo cha ED, kilichotengenezwa kupunguza mtawanyiko wa rangi, pindo hilo hupungua sana. Pia jua likiwa chini upande unaotazama, baadhi ya za bei ya kati hupata mng'ao wa maziwa nusu ya picha. Kivuli cha mkono juu ya lenzi za mbele husaidia.

Vumbi ndilo muuaji. La kusini mwa Serengeti ni la majivu ya volkano, la Amboseli lina magadi ya ziwa lililokauka. Yote mawili ni chembe kali. Ukilifuta likiwa kavu kwa pindo la fulana, unapiga msasa. Mikwaruzo myembamba haionekani siku hiyo. Inaonekana baadaye kama ukungu usiotoka kila jua likikupiga usoni. Utaratibu ni huu, na usiruke hatua. Geuza darubini lenzi zitazame chini, puliza kwa kipulizio cha mpira mara kadhaa, si kwa mdomo, maana mate yana chumvi. Pitisha brashi laini ya lenzi, kutoka katikati kwenda ukingoni, ukiikung'uta kila mara. Hapo tu ndipo utie tone moja la dawa ya lenzi, kwenye kitambaa cha maikrofaiba na si kwenye kioo, kwa sababu tone likimwagwa kwenye kioo hukimbilia ukingoni. Futa kwa mzunguko bila kukandamiza, na kila mzunguko tumia upande mpya wa kitambaa. Huhitaji kufanya hivi kila siku. Chembe chache juu ya lenzi ya mbele hazipunguzi kitu kinachoonekana. Wanaosafisha kila jioni huharibu lenzi mapema kuliko wavivu.

Vumbi hilohilo huingia kwenye vikombe vya macho vinavyozunguka, na ndicho kiungo kinachokufa kwanza katika bei hii. Utasikia kinasaga, halafu kinaanza kushuka chenyewe ukikigandamiza usoni. Kwenye baadhi ya modeli kikombe kinafunguka chote. Kitoe, kioshe kwa maji na sabuni, kikauke, kirudishe bila mafuta yoyote. Grisi hapo ni gundi ya mchanga. Gurudumu la fokasi ni habari nyingine. Usilitie mafuta, usilifungue. Asubuhi ya baridi kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, litakuwa zito kwa sababu grisi ya ndani imeganda kidogo, na litalainika jua likipanda. Ila likiwa na pleyi, yaani unalizungusha kidogo na picha haisogei, hiyo haitengemai yenyewe.

Wakala wa uharibifu asiyeshukiwa ni dawa ya mbu yenye DEET. Inayeyusha plastiki na kulainisha mpira. Mwili unaanza kunata na alama za vidole zinabaki humo. Jipake, nawa mikono, ndipo ushike. Na usiiache darubini kwenye dashibodi: gundi ya mpira inaachia kwa joto, na shimo la kwanza barabarani linaiangusha sakafuni.

Baada ya kuanguka, ipime. Tafuta mstari wa mlalo ulio mita 200 au zaidi, waya wa umeme au kipaa cha bati. Utazame mpaka picha iwe moja, kisha sogeza darubini taratibu mbali na macho hadi sentimita 10 hivi, ukiendelea kuutazama. Mstari ukikatika, kipande kimoja juu na kingine chini, prizimu, yaani kioo cha ndani kinachosimamisha picha wima, imehama. Kosa dogo ubongo hulifunika kwa muda, kwa gharama ya kichwa kuuma baada ya nusu saa. Fundi wa saa hawezi kuitengeneza: inahitaji kifaa cha kupimia ulinganifu, halafu kujazwa gesi upya. Ndiyo maana dhamana ya maisha isomwe vizuri kabla ya kulipa. Wengi wanaotoa dhamana hiyo wanataka kifaa kirudi kwao, na nauli ya kifurushi kwenda Ulaya au Marekani inaweza kula sehemu kubwa ya faida.

Pwani, chumvi. Ukitoka kutazama ndege wa matopeni Mida Creek, futa mwili kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya bomba. Ile iliyoandikwa kuwa haiingii maji unaweza kuimiminia maji taratibu, vikombe vikiwa vimefungwa. Usambara adui ni kuvu, anayestawi kwenye unyevu na giza. Mfuko wa ngozi uliofungwa ndio shamba lake. Hifadhi darubini kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana na pakiti za silika jeli zinazobadilika rangi zikishiba, uzikaushe upya kwa moto mdogo.

Ukinunua ya mkono wa pili, mbali na mtihani wa waya, igeuze na umulike tochi ya simu kupitia lenzi za mbele. Chembe mbili tatu za vumbi si kitu. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Kisha ishike sentimita 30 kutoka usoni ukielekea mawingu meupe, utazame miduara miwili ya mwanga: iwe ya duara kamili. Ikiwa imekatwa pembeni kwa kivuli cha kijivu kama almasi, prizimu ni za daraja la chini, hata kama ubavuni imeandikwa BaK-4, jina la kioo bora cha prizimu. Pumulia lenzi: mvuke wa nje unaondoka kwa sekunde chache. Ukiona ukungu upande wa ndani, gesi ilishatoka na oringi, zile pete za mpira za kuziba maji na hewa, zimekufa. Hiyo muachie mwenyewe, hata kwa robo ya bei.